Hali Timilifu: Mwongozo wa Kutumia Kiambishi -me- kwa Usahihi

Katika madarasa mengi mwanafunzi huambiwa kwamba -me- ni ya jambo lililotendeka karibuni na -li- ni ya jambo lililotendeka zamani. Kanuni hiyo ni rahisi kukariri, lakini haifiki mbali. Tunasema kwamba Ngome ya Yesu mjini Mombasa imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, ingawa Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Na mtu anayesimulia ajali aliyoishuhudia robo saa iliyopita husema gari lilipinduka, dereva akatoka, moto ukawaka, bila kuhitaji -me- hata mara moja. Umbali wa tendo, basi, sio unaoamua. Kinachoamua ni kama tendo hilo, liwe la jana au la karne nne zilizopita, limeacha kitu ambacho bado kipo wakati msemaji anaposema. Hiyo ndiyo maana ya hali timilifu, na mwongozo huu unaeleza hatua kwa hatua namna ya kuitambua, kuiandika, kuikanusha na kuihariri.

Hatua ya kwanza: Tenganisha wakati na hali

Wakati, ambao vitabu vingi vya Tanzania huuita njeo, hujibu swali la lini: jambo limekwishapita, lipo, au litakuja. Hali hujibu swali jingine kabisa, yaani tendo linatazamwaje: linaendelea, limefikia mwisho na kuacha matokeo, au hurudiwa kama mazoea. Mwalimu wa Kenya anapomtaka mwanafunzi aandike sentensi katika "wakati uliopita hali timilifu", anamtaka afanye mambo mawili kwa pamoja, na jibu "alikuwa amelima" linayaonyesha yote mawili kwa uwazi. Kiambishi -li- cha kitenzi cha kwanza kinabeba wakati, na -me- cha kitenzi cha pili kinabeba hali. Badilisha hali peke yake nawe utapata "alikuwa akilima", ambayo ni hali ya kuendelea katika wakati uleule uliopita.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba -me- inapokuwa peke yake, kama katika "amelima", wakati wake huhesabiwa kuwa uliopo. Hesabu hiyo ni sahihi. Anayesema "amelima" anaeleza habari ya leo: shamba limeshalimwa na liko tayari kupandwa. Wachunguzi wa historia ya lugha hukihusisha kiambishi hiki na kitenzi cha kale -mala, chenye maana ya kumaliza, na asili hiyo inaeleza mengi, kwa kuwa anayesema amemaliza hutoa taarifa kuhusu pale alipo sasa. Lahaja zetu hazikuchukua njia moja katika jambo hili. Chimwini, inayozungumzwa na watu wa asili ya Barawa nchini Somalia, imehifadhi kiishio cha kale -ile, nacho hupatikana pia katika tenzi za kale za upwa wa kaskazini. Mwongozo huu unashughulika na Kiswahili Sanifu.

Hatua ya pili: Uliza ni nini kilichobaki

Hiki ndicho kipimo kikuu, na msomaji akikishika vizuri, hatua nyingine zote zitakuwa nyepesi. Chukua sentensi mbili: "Fundi amekuja" na "Fundi alikuja". Anayesikia ya kwanza hutoka nje kumpokea fundi, kwa sababu fundi yupo. Anayesikia ya pili huuliza, "Alisema atarudi lini?", kwa sababu fundi alifika, hakumkuta mtu, akaondoka. Ujio ni ule ule, na huenda hata saa ni ile ile. Tofauti ni kama fundi bado yuko mlangoni. Vivyo hivyo, ukiambiwa "Mama amekwenda sokoni" unajua hutamkuta nyumbani, na ukiambiwa "Mama alikwenda sokoni" unaweza kutarajia kwamba samaki wameshafika jikoni.

Ikiwa sikio linasita, ongeza kishazi kinachofuta matokeo. "Nilipoteza ufunguo, lakini niliupata jioni" ni sentensi inayokubalika bila shida. "Nimepoteza ufunguo, lakini niliupata jioni" inajipinga yenyewe, kwa kuwa sehemu ya kwanza inadai kwamba ufunguo haupo hadi sasa. Kila mahali ambapo kishazi cha namna hiyo kinaweza kuingia bila mgongano, -li- ndiyo inayofaa. Kinapogongana na kitenzi, -me- inafanya kazi yake.

Lugha ya kila siku imejaa mifano ya jambo hili, ila tumeizoea mno hata hatuioni. Tunaamkiana "Umeamkaje?" na "Umeshindaje?" kwa sababu tunaulizia hali ya mtu aliye mbele yetu. Tunasema "Kumekucha" kwa sababu mwanga upo. Misemo kama "amekalia kuti kavu", "maji yamezidi unga" na "maji yamemfika shingoni" imeundwa kwa -me- kwa kuwa kila mmoja ni picha ya hali inayomkabili mtu sasa, na ukibadilisha kuwa "alikalia kuti kavu" unampa msikilizaji habari kwamba hatari imepita au kwamba mtu huyo amekwisha kuanguka.

Kipimo hiki kinaeneza kivuli chake pia kwenye uzoefu wa maisha. "Nimewahi kufika Kigoma" haimaanishi kwamba msemaji yuko Kigoma. Kilichobaki ni uzoefu wenyewe, ambao anaendelea kuwa nao. Vilevile -me- hutumika kwa jambo ambalo bado halijatokea ikiwa msemaji analiona matokeo yake kuwa hayaepukiki. Anayeonya "Ukigusa waya huo umekufa" anakiweka kifo mbele ya macho ya msikilizaji kana kwamba kimeshatokea, na nguvu ya onyo inatoka hapo.

Hatua ya tatu: Itambue aina ya kitenzi

Hapa ndipo makosa mengi ya maandishi hutokea, hasa katika habari zinazotafsiriwa kwa haraka, na kwa hiyo panastahili uangalifu kuliko pengine pote. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotaja kuingia katika hali badala ya kuwa ndani yake. Kulala, kuketi, kusimama, kuinama na kuchuchumaa hutaja badiliko la mkao. Kuvaa, kushika, kubeba na kupakata hutaja kukitwaa kitu mwilini au mkononi. Kuchoka, kushiba, kukasirika na kulewa hutaja kugeuka kwa mwili au moyo. Kuiva, kuoza, kupoa, kukauka na kujaa hutaja kugeuka kwa vitu. Vitenzi hivi vikipewa -na-, badiliko linakuwa bado linaendelea, au linakuwa desturi. Vikipewa -me-, badiliko limekamilika na mtu au kitu kiko ndani ya hali mpya.

Mama anayepiga simu nyumbani na kuambiwa "Mtoto amelala" anajua kwamba mtoto yumo usingizini. Akiambiwa "Mtoto analala", ataelewa kwamba mtoto ndiyo kwanza anajinyoosha kitandani, au atasubiri sentensi iendelee: analala chumba cha bibi, analala mapema siku hizi. Embe linaloiva si embe lililoiva. La kwanza liache mtini. Chai inayopoa bado inaweza kuunguza ulimi, na chai iliyopoa inahitaji kurudishwa jikoni.

Kosa lililoenea zaidi linahusu mavazi. Mara kwa mara tunasoma kwamba mtuhumiwa "alikuwa akivaa shati jekundu" alipoonekana mara ya mwisho. Msomaji makini humwona mtu huyo akiwa na mkono mmoja ndani ya mkono wa shati na kifungo cha kwanza bado hakijafungwa. Kilichokusudiwa ni "alikuwa amevaa shati jekundu". Hali kadhalika, mlinzi "amesimama" langoni, hawi "anasimama" langoni, isipokuwa tunataka kusema kwamba anainuka kutoka kitini au kwamba ndiyo kazi yake ya kila siku. Na mwanamke njiani "amebeba" mtungi, akiwa ameshautwika na anakwenda nao.

Kuna utata mmoja ambao kiambishi chenyewe hakiwezi kuutatua. "Basi limesimama" linaweza kumaanisha kwamba limeacha kwenda au kwamba liko pale bila kwenda, na katika matumizi mengi tofauti hiyo haina madhara. Inapokuwa na madhara, kwa mfano katika maelezo ya ajali, ni afadhali mwandishi aongeze neno: "lilikuwa limesimama kituoni" au "lilisimama ghafla".

Vitenzi vya kujua, kutaka na kupenda viko upande mwingine. Hali yake ya kawaida huelezwa kwa -na-, na vikipewa -me- hueleza kuanza kwa hali hiyo: "anajua" ni mwenye ujuzi, ilhali "amejua" ni mtu ambaye siri imemfikia. Kuelewa kunakubali pande zote mbili, nao wanaojibu "Nimeelewa" baada ya maelezo ya mwalimu wanachagua vizuri.

Hatua ya nne: Kanusha kwa -ja-, na ujue unachoahidi

Kinyume cha "amefika" ni "hajafika". Kiambishi -ja- kinachukua nafasi ya -me-, na kinabeba wazo la "bado": jambo halijatokea, lakini linatarajiwa au angalau linawezekana. Kinyume cha "alifika" ni "hakufika", na hapo mlango umefungwa. Mwenyekiti anayesema "Katibu hajafika" anaomba wajumbe wavute subira. Anayesema "Katibu hakufika" anaandika kumbukumbu.

Tofauti hii ina uzito wa kibinadamu pia. Kijana wa miaka thelathini "hajaoa". Marehemu, akisomewa wasifu wake makaburini, "hakuoa". Anayeandika "marehemu hajaoa" anawaumiza wafiwa bila kukusudia, kwa sababu kitenzi chake bado kinasubiri harusi.

Kiambishi hiki hiki ndicho kinachofuata neno "kabla" linapotangulia kitenzi chenye nafsi: "kabla hajafika", "kabla jua halijatua", "kabla hatujaanza". Umbo ni la kukanusha ingawa maana haina ukanushi wa kawaida, kwa kuwa wakati unaotajwa ni ule ambao jambo lilikuwa bado. Anayetaka kuepuka umbo hilo atumie kitenzi-jina: "kabla ya kufika".

Hatua ya tano: Angalia silabi za kitenzi

Vitenzi vya silabi moja hubakiza ku- baada ya -me-: amekula, amekunywa, amekuja, amekufa, amekuwa. Baada ya -ja- vinaiacha: hajala, hajanywa, hajaja, hajafa, hajawa. Maumbo "hajakula" na "hajakuja" husikika sana mitaani, Kenya na bara la Tanzania pia, lakini katika maandishi sanifu hayafai. Kwenda na kwisha vina uhuru zaidi, kwa hiyo "amekwenda" na "ameenda" yote yanakubalika.

Hatua ya sita: Katika urejeshi, mwachie -li- kazi

Katika Kiswahili Sanifu -me- haipokei kirejeshi, yaani kipande kama -ye- au -yo- kinachorejelea mtu au kitu kilichotajwa, ndani ya kitenzi. Hatuwezi kuunda "ameyefika" wala "imeyopoa". Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutumia amba-: "mgeni ambaye amefika", "chai ambayo imepoa". Ya pili, ambayo ni nyepesi zaidi na ndiyo ninayoipendekeza pale ambapo muktadha hauna utata, ni kutumia -li- pamoja na kirejeshi: "mgeni aliyefika", "chai iliyopoa".

Matokeo ya njia hii ya pili yanahitaji kueleweka vizuri. Katika urejeshi, -li- hubeba kazi mbili, ya kwake na ya -me-. Ukiuliza "Aliyesimama mlangoni ni nani?", unamuulizia mtu aliyepo mlangoni sasa hivi, na hakuna anayekuelewa vibaya. "Mtoto aliyelala" ni mtoto aliye usingizini, na "embe lililoiva" ni embe la kuliwa leo. Lakini "mtu aliyesimama mlangoni jana" ni habari iliyopita, na kilichobadilisha maana ni neno "jana" peke yake. Basi mwandishi akihofia utata, arudi kwenye amba-, ingawa kurasa zilizojaa amba- husomeka kwa uzito. Ukanushi una njia zake mbili pia: "wanafunzi wasiofika" huwataja wasiofika kwa jumla, na "wanafunzi ambao hawajafika" huwataja wale tunaowasubiri.

Hatua ya saba: Linganisha kitenzi na maneno ya wakati

Maneno kama sasa, tayari, tangu, leo na mwaka huu huandamana na -me- kwa urahisi, kwa kuwa yanagusa wakati wa kusema. Maneno kama jana, juzi na mwaka 1964 hufunga tendo ndani ya kipindi kilichopita, na kwa kawaida huvuta -li-. Katika mazungumzo watu husema "Nimefika jana", na kusema kweli sentensi hiyo ina mantiki yake: msemaji alifika jana na bado yupo. Siwezi kuihesabu kuwa kosa la kusema. Katika barua rasmi, hata hivyo, "Nilifika jana" ni salama zaidi.

Watangazaji wa redio hufuata mpangilio unaofaa kuigwa. Habari hufunguliwa kwa -me-, kwa sababu inaletwa kama jambo linalogusa sasa: "Wakulima wa korosho wameanza kuuza mazao yao ghalani." Baada ya hapo maelezo hushuka kwenye -li- na -ka-: mnada ulifanyika asubuhi, wanunuzi walitaja bei, wakulima wakakubali. Anayeendelea na -me- katika kila sentensi hunyima masimulizi yake mfuatano, kwa kuwa -me- hurudisha kila tendo kwenye sasa badala ya kulisogeza mbele.

Hatua ya nane: Ihamishe hali timilifu kwenda wakati mwingine

Kitenzi kisaidizi kuwa huipeleka hali timilifu kokote mwandishi anakotaka. "Tulipofika, mkutano ulikuwa umeanza" huweka matokeo katika wakati uliopita. "Ukija saa mbili, nitakuwa nimepika" huyaweka mbele. "Saa kumi jioni huwa amerudi" huyafanya mazoea. "Alirudi akiwa amechoka" huyafungamanisha na tendo jingine, na "angekuwa amefika" huyaweka katika dhana. Katika kila sentensi kitenzi cha pili hakibadiliki, na hilo ni ushahidi mwingine kwamba hali ni kitu mbali na wakati. Kwa ukanushi napendelea "mkutano ulikuwa haujaanza" kuliko "mkutano haukuwa umeanza", kwa kuwa ya kwanza inahifadhi ile -ja- na subira yake, ingawa zote mbili huandikwa.

Umbo la -mesha-, kama katika "ameshafika", limetokana na "amekwisha kufika", na husisitiza kwamba jambo limekamilika mapema au kabla ya ilivyodhaniwa. Litumie pale tu ambapo msisitizo huo unahitajika. Katika usemi wa Tanzania na pwani utakutana pia na ka- inayosimama badala ya ame- katika nafsi ya tatu umoja: "Baba kaondoka", "Mgeni kaja". Ndiyo hiyo iliyomo katika methali "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Isichanganywe na -ka- ya masimulizi, ambayo hutanguliwa na kiambishi cha nafsi: "akaondoka", "akaja".

Hatua ya tisa: Hariri matini yako

Baada ya kuandika, pitia kila kitenzi chenye -me- na kila chenye -li- ukiuliza swali la hatua ya pili. Tuchukue kumbukumbu za kikao cha kamati ya maji, kama zinavyoweza kuandikwa na katibu mwenye haraka: "Mwenyekiti amefungua kikao saa nne asubuhi. Wajumbe wamejadili ukarabati wa kisima. Mweka hazina amesema fedha hazikupatikana zote, ila fundi alikuja jana kuchukua vipimo na sasa alianza kazi."

Kumbukumbu husomwa wiki au miezi baadaye, na wakati huo kikao hakipo tena. Kwa hiyo vitenzi vitatu vya mwanzo vinapaswa kuwa alifungua, walijadili na alisema. "Hazikupatikana" inafunga mlango, ilhali kamati bado inachangisha, kwa hiyo inahitajika -ja-. "Jana" itampotosha msomaji wa mwezi ujao. "Sasa alianza" ni mgongano, kwa kuwa neno "sasa" linadai matokeo na kitenzi kinayakana. Matini iliyosahihishwa itasomeka hivi: "Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi. Wajumbe walijadili ukarabati wa kisima. Mweka hazina alisema kwamba fedha zote zilikuwa hazijapatikana, ila fundi alikuwa amekuja siku iliyotangulia kuchukua vipimo na alikuwa ameanza kazi."

Tangazo linalobandikwa ubaoni siku hiyo hiyo lina mahitaji tofauti. Hapo katibu ataandika: "Kamati imeamua kwamba kisima kifungwe kwa siku saba", kwa sababu uamuzi una nguvu kwa kila anayepita na ndoo. Siku saba zikipita na kisima kikafunguliwa, taarifa ya mwezi itasema kwamba kamati iliamua.